Kabla ya kushona sikio, lisome bega

*Matangazo ya upasuaji wa masikio yanaahidi urembo "bila kovu". Kisu cha namna hiyo hakijazaliwa. La kuuliza ni kovu litakaa wapi, na ngozi yako ina tabia gani.*

Na Mwandishi Wetu

Kijana aliingia sebuleni na kofia ya sufi kichwani, Jumamosi jioni, Dar es Salaam ikiwa na joto la kumfanya mtu atamani kuvua hata ngozi. Kofia hakuivua.

"Shikamoo ba'mdogo. Shikamoo shangazi."

Tukaitikia. Akaketi, akanipa simu yake. Kwenye kioo kulikuwa na picha mbili za kichwa kimoja. Ya kwanza ilionyesha masikio yaliyosimama, ya pili masikio yaliyolala. Chini yake maneno manne tu: "Dakika arobaini. Bila kovu."

Ana miaka 20, yuko mwaka wa pili chuoni. Tangu darasa la tatu wenzake wanamwita Dishi, kwa kuwa masikio yake yamekaa kama yanatafuta chaneli. Vijisenti vya kibarua cha likizo ameshaviweka kando. "Ba'mdogo, wewe ni mwandishi," akasema. "Niambie kama hili ni kweli."

Dada yangu hakunipa nafasi ya kujibu. Alisogeza mtandio, akageuza shingo upande wa taa. Nyuma ya sikio lake la kushoto, pale chini hereni inapoingia, pameota kinundu cha ukubwa wa korosho. Kinang'aa, ni cheusi kuliko ngozi yake, na ukikibonyeza ni kigumu kama kifutio cha penseli.

"Mwanangu, hili lilianza na tundu la hereni tu," alisema. "Nikaambiwa likikatwa halitaonekana. Likakatwa. Liliporudi, lilirudi limenenepa."

Wiki hiyohiyo mhariri alikuwa amenipa kazi ya kuandika juu ya upasuaji wa urembo wa masikio na hofu ya makovu. Sikuhitaji kwenda mbali. Pande zote mbili za ubishi zilikuwa zimekaa kwenye kochi langu.

Kazi ya kale

Wengi hudhani upasuaji wa urembo ni jambo la juzi, limeletwa na simu. Ukweli ni kwamba sikio ni miongoni mwa viungo vya kwanza kabisa kushonwa kwa ajili ya sura. Kitabu cha kale cha tiba cha Kihindi kinachohusishwa na mganga Sushruta kinaeleza njia 15 za kuunga nyama ya sikio iliyochanika kwa uzito wa mapambo.

Sababu ni rahisi. Penye desturi ya kutoga, hapakosi kuchanika.

Nasi hatukuwa nyuma. Tundu la sikio Kiswahili kimelipa jina lake, ndewe, na pambo lake kubwa la duara kikaliita jasi. Picha za zamani za Lamu na Zanzibar zinawaonyesha wanawake wa Pwani wenye ndewe pana zilizojazwa majasi, na vitundu vingine vimepangwa hadi juu ya sikio. Bara, Wamasai, Wagogo, Wakikuyu na jamii za Wakalenjin walitanua ndewe kwa vijiti, mifupa na shanga mpaka nyama ikaning'inia karibu na bega.

Kisha zikaja shule na kanisa, na baada yake ajira za ofisini na za sare. Sikio lililokuwa fahari ya mtu mbele ya rika lake likawa jambo la kuelezea mbele ya meza ya usaili. Ndipo vijana wakaanza kwenda kushonwa.

Daktari huchoma ganzi, hukwangua ngozi iliyozunguka ndani ya tundu ili kingo ziwe mbichi, hupunguza nyama iliyozidi, kisha huunga. Kingo zisipokuwa mbichi haziungani, kama vile huwezi kuunga vipande viwili vya mkate ambao umeshakauka. Mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kinachobaki ni mstari mwembamba unaopita katikati ya nyama ya sikio, mahali ambapo kila anayekutazama usoni anapaona.

Dunia nayo ina vituko. Wakati vijana wa Narok wanashona ndewe za mababu, vijana wa London wanalipa pesa kutanua zao, na wakizichoka wanalipa tena kushonwa.

> Penye desturi ya kutoga, hapakosi kuchanika.

Kisu kinapita wapi

Masikio ya aina ya Dishi ni habari nyingine. Hapa hakuna tundu. Mara nyingi kinachokosekana ni kunjo moja ya gegedu, ule mfupa laini unaolipa sikio umbo. Kunjo hiyo isipojikunja vizuri tumboni mwa mama, sikio husimama badala ya kulala. Pengine bakuli la sikio lenyewe ni kubwa, likalisukuma nje. Usikivu hauhusiki, mtoto anasikia sawasawa na wenzake.

Upasuaji wa kwanza kuandikwa wa kurekebisha masikio ya namna hii kwa ajili ya sura ulifanywa New York mwaka 1881 na daktari Edward Ely. Mgonjwa alikuwa mvulana wa miaka 12 aliyechoshwa na kejeli za wenzake. Majina ya utani, basi, nayo yana umri mrefu.

Mbinu zimebadilika sana tangu hapo. Mwaka 1963 daktari wa Scotland, Jack Mustardé, alichapisha njia ya kulikunja gegedu kwa nyuzi badala ya kulikata. Miaka mitano baadaye Mmarekani David Furnas akaeleza namna ya kulivuta bakuli la sikio nyuma na kulifunga kwenye tishu ngumu za kichwa. Hadi leo wapasuaji wengi huzichanganya njia hizo mbili.

Mustardé huyo ndiye baadaye aliyesaidia kuanzisha kituo cha upasuaji wa kurekebisha maumbile na majeraha ya moto katika Hospitali ya Korle Bu, Accra. Kwetu Afrika Mashariki historia inafanana. Shirika la AMREF, lililoanza mwaka 1957 kama huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege, liliasisiwa na wapasuaji watatu wa fani hiihii: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Rees alijulikana New York kwa kurekebisha nyuso za wenye nazo. Huku walikuwa wakishughulikia midomo sungura na watu waliojeruhiwa na fisi.

Siri ya upasuaji wa masikio yaliyosimama ni mahali pa kukatia. Daktari hupasua nyuma, kwenye mfuo ambapo sikio linaungana na kichwa, na kovu linakaa humo. Anayekuja mbele yako halioni. Kinyozi wako ataliona. Kwa hiyo mtangazaji wa mtandaoni amesema nusu ya ukweli, maana kovu lipo, ila limefichwa.

Baada ya kazi kichwa hufungwa bandeji kwa siku kadhaa, kisha mtu hulala na kitambaa cha kubana masikio kwa wiki kadhaa ili yasikunjwe na mto. Damu inaweza kuvilia chini ya ngozi, gegedu linaweza kupata maambukizi, uzi unaweza kuchomoza, na sikio moja linaweza kurudi lilikotoka huku la pili likitulia. Si mambo ya kila siku, lakini hutokea, na tangazo halikuyataja.

Kovu na keloidi

Hapa ndipo dada yangu alipotaka tufike.

Kila jeraha lililopita chini ya tabaka la juu la ngozi huacha kovu. Mwili hujenga nyuzi za protini iitwayo kolajeni kuziba pengo, na kazi ikiisha mafundi huondoka. Kwa watu wengi kovu hubaki jekundu au jeusi kwa miezi, kisha hutulia na kufifia. Kovu jingine huvimba lakini hubaki ndani ya mipaka ya jeraha, na mara nyingi hupungua lenyewe baada ya muda.

Keloidi ina tabia tofauti. Mafundi hawaondoki. Wanaendelea kujenga hata baada ya pengo kuzibwa, na nyama inavuka mpaka wa jeraha na kutambaa kwenye ngozi iliyokuwa nzima. Inawasha, wakati mwingine inauma. Inaweza kuanza miezi kadhaa baada ya kidonda kupona, hata mwaka, wakati ambapo mtu ameshasahau na daktari ameshapiga picha yake ya "baada". Mfaransa Jean-Louis Alibert, aliyeipa jina mwanzoni mwa karne ya 19, alitumia neno la Kigiriki la gando la kaa. Aliyewahi kuiona ikitambaa kifuani anaelewa kwa nini.

> Keloidi huweza kuanza wakati daktari ameshapiga picha yake ya "baada".

Inapenda sehemu maalumu: kifua, mabega, taya, na nyama ya chini ya sikio. Inapenda umri wa kubalehe hadi miaka 30 hivi. Na inapenda damu yetu. Vitabu vya tiba vimekuwa vikinukuu kiwango kinachofika asilimia 16 kwa watu wazima waliochunguzwa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa zamani, wakati kwa Wazungu ni jambo la nadra.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba chanzo ni weusi wenyewe wa ngozi, na kwamba watu wenye ualbino hawaipati. Mwaka 2015 watafiti wa Afrika Mashariki walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba Waafrika wenye ualbino nao huipata, kwa kiwango kinachokaribiana na cha wenzao. Rangi, basi, si mkosaji peke yake. Kuna jambo linalopita katika ukoo.

Utafiti mwingine unawapa haki bibi zetu. Wamarekani waliochunguza wagonjwa wa keloidi za masikio waligundua kwamba waliotogwa wakiwa na miaka 11 na kuendelea walipata tatizo hilo zaidi kuliko waliotogwa wakiwa wadogo. Pwani mtoto wa kike hutogwa angali mchanga. Dada yangu tundu lake la kwanza, la utotoni, halina neno. Kinundu kiliota kwenye tundu la pili, alilojitoga akiwa na miaka 17 kwa kuiga mtindo.

Wanaosema nenda, wanaosema acha

Kijana hakukubali kirahisi. Alisema shangazi alikatwa na mtu asiyejulikana kasomea wapi, kwenye zahanati ya mtaani, bila kuulizwa lolote. Yeye atakwenda kwa mtaalamu. Akaongeza jambo lililotunyamazisha: katika miaka 11 hakuna siku aliyoingia darasani bila kuchagua kwanza kiti cha mwisho, ili pasiwe na mtu nyuma yake.

Hoja hiyo ina uzito. Wapasuaji wanaoutetea upasuaji huu husema mtoto anayekejeliwa kila siku anabeba jeraha ambalo halionekani hata nyuma ya sikio. Wanasema pia kwamba umri si kizuizi kikubwa, kwa kuwa mtoto anapoanza shule sikio lake limeshakaribia ukubwa wa utu uzima. Na kwa kichanga kuna njia isiyohitaji kisu kabisa. Katika wiki za mwanzo gegedu bado ni laini kwa sababu ya homoni za mama, na kibano maalumu kinaweza kulizoesha umbo. Dirisha hilo hufungwa mapema, na wazazi wengi hulisikia likiwa limeshafungwa.

Upande wa pili una hoja zake. Wazee husema mwenye kurekebishwa ni yule anayekejeli, na wapo walimu wanaoafiki. Wapo pia madaktari wanaomkatalia mteja, kwa sababu mtu mwenye historia ya keloidi anaweza kuingia na sikio lililosimama akatoka na sikio lililolala lenye nundu nyuma yake. Atakuwa amelipia kasoro mpya iondoe ya zamani.

Kizuri hakikosi ila, wanasema wahenga. Tofauti ni kwamba ila ya kuzaliwa huijutii, ila ya kununua utaijutia.

Likirudi je?

Kosa lililompata dada yangu linajulikana katika vitabu. Keloidi ikikatwa tu, bila tiba nyingine, inarudi kwa wagonjwa kati ya asilimia 45 na 100, na mara nyingi inarudi ikiwa kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu kwa ngozi hiyo kisu ni jeraha jipya la kujengea. Wembe wa nyumbani, uzi wa kufunga kinundu mpaka kife, maji ya kitunguu, mshubiri: yote hayo tumeyaona mitaani. Uzi na wembe ndivyo vinavyoumiza zaidi.

Tiba inayoanza nayo wengi ni sindano ya triamsinoloni ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki tatu hadi sita, kwa miezi. Inauma, na inaweza kuacha ngozi nyembamba au doa jeupe. Huongezewa plasta ya silikoni inayovaliwa saa 12 au zaidi kwa siku, au hereni za kubana zinazokandamiza sikio mbele na nyuma. Wengine hugandishwa kovu kwa baridi kali.

Kwa keloidi sugu daktari hukata, kisha mionzi hufuata haraka, kwa kawaida ndani ya siku moja hadi tatu. Mchanganyiko huo hupunguza sana uwezekano wa kurudi. Lakini mashine za mionzi kwetu ziko katika vituo vichache, navyo vimejaa wagonjwa wa saratani.

> Kwa ngozi yenye keloidi, kisu ni jeraha jipya la kujengea.

Mwenye kinundu anaweza kutibiwa akapata nafuu kubwa. Hata hivyo safari ni ndefu, ni ya kurudi kliniki mara kwa mara, na wengi huikatia tamaa katikati kwa sababu ya nauli.

Kabla ya kulipa

Upasuaji wa kurekebisha maumbile si mgeni tena hapa. Hospitali za Muhimbili, KCMC na CCBRT kwa Tanzania, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kwa Kenya, zina historia ya kazi hiyo, hasa kwa majeraha ya moto na kasoro za kuzaliwa. Hospitali binafsi nazo zimeingia upande wa urembo. Jina la daktari linaweza kuhakikiwa kwenye daftari la Baraza la Madaktari kabla hujampa shingo yako.

Ukifika kwake, methali ya kukumbuka ni moja: mficha uchi hazai. Mwambie kila kovu ulilonalo. Mwambie la mama, la shangazi, la kaka aliyepasuliwa ngiri tumboni likavimba. Asipokuuliza, mwambie hivyohivyo. Asipojali, ondoka.

Kisha muulize wewe:

• Utapasua wapi, na mtu akisimama mbele yangu, ubavuni na nyuma yangu ataona nini?

• Umewafanyia wangapi wenye ngozi kama yangu, na unaweza kunionyesha picha zao za baada ya mwaka, badala ya wiki mbili?

• Kovu likianza kuvimba, nirudi lini, kwa nani, na kwa gharama ya nani?

• Nisipofanya, nitapoteza nini?

Swali la mwisho daktari hawezi kukujibia. Lakini daktari mwema atakuacha ukae nalo kwa muda.

Bega la kulia

Mazungumzo yetu yalipofika hapo, dada yangu alimwita kijana karibu. "Njoo. Kunja mkono wa shati. Wa kulia."

Kila mtoto aliyechanjwa Tanzania dhidi ya kifua kikuu amepigwa sindano ya BCG karibu na bega la kulia. Kenya hupigwa kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Alama hiyo ni kovu la kwanza la wengi wetu, na kwa baadhi ya wenye ngozi ya keloidi huwa limeinuka. La dada yangu limeinuka kama kifungo cha koti. Alikiweka kidole chake kwenye la kijana, akapapasa, kisha akachukua kidole cha kijana akakipitisha juu ya lake mwenyewe ili aione tofauti.

La kijana ni bapa. Kishimo kidogo, cheupe kidogo, kama ngozi imebonyezwa na ncha ya kalamu.

Hilo halimpi hati ya usalama. Bega na sikio ni mahali tofauti, na aliyechanjwa akiwa kichanga si yule atakayepasuliwa akiwa na miaka 20, umri ambao keloidi inaupenda. Damu ya shangazi yake pia ni damu yake, na hilo lazima alitaje. Lakini ni habari ya kweli kutoka kwenye ngozi yake mwenyewe, na hakuitoa kwenye tangazo.

Alivua kofia alipokuwa anaaga. Amesema atakwenda kumwona mtaalamu likizo ijayo, akiwa na maswali manne kwenye karatasi, na shangazi atamsindikiza na sikio lake liwe kielelezo. Akiambiwa aache, anasema ataacha. Akiambiwa inawezekana, atafanya akijua kwamba kovu litakuwepo na litakaa wapi.

Nawe msomaji unayefikiria kutoga tundu la tatu, kushona ndewe au kulaza masikio, anza na usichohitaji kulipia. Kunja mkono wa shati, liangalie kovu lako la chanjo, kisha waulize wa nyumbani kwenu yao yakoje. Na yeyote anayekuahidi kisu bila kovu, mrudishie simu yake.